Kuhama chapa ya simu: kinachokushika na jinsi ya kukifungua bila kupoteza kitu

Muulize mteja pale Kariakoo kwa nini hatoki Samsung, au kwa nini kila simu yake ni Tecno. Mara chache atakutajia kamera au kasi. Atakuambia namba zote zimo humu, mazungumzo ya WhatsApp ya miaka yamo humu, nyumbani kuna chaja zinazoingia, na fundi wa mtaani anaijua simu hiyo nje ndani. Hivi ndivyo vinavyomshika mtu kwenye chapa, na karibu vyote vinahamishika. Wanaopoteza namba, picha au meseji wakati wa kuhama huwa wamefanya moja kati ya mambo mawili: wameifuta simu ya zamani mapema, au wameanza kuitumia simu mpya kwa pupa kabla ya kuhamisha vitu.

Uaminifu mkubwa kabisa wa chapa uliowahi kuonekana Afrika Mashariki ulikuwa wa Nokia, na inafaa kukumbuka ulivunjwa na nini. Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003 ikiwa na tochi kichwani na vitufe visivyoingiza vumbi, ikauzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Chaja ya Nokia, kwanza ya pini nene kisha ya pini nyembamba, ulikuwa huikosi kwenye kibanda chochote cha kuchajisha. Kilichowatoa watu huko kwa sehemu kubwa ni laini mbili. Kupiga kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulikuwa ghali, kwa hiyo watu walitembea na simu mbili, au walifungua betri kila mara kubadilisha laini. Tecno ikaja na simu ambazo laini zote mbili ziko hewani kwa pamoja. Nokia ilipotangaza C1-00 mwaka 2010, laini zake mbili zilikuwa za kupokezana: unashikilia kitufe cha reli (#) kuhama kutoka moja kwenda nyingine, na anayekupigia kwenye ile nyingine hakupati. Mwaka 2013 kampuni ikatangaza kuuza biashara yake ya simu kwa Microsoft.

Nasisitiza habari hii ya laini kwa sababu mpaka leo ndiyo inayowaumiza wengi wanaohama bila kuuliza.

Kwanza, hakikisha kweli unahama

Tecno, Infinix na itel zote ni za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen. Carlcare ndio mafundi wa kampuni wa zote tatu, na Oraimo wauza chaja na spika nao ni wa nyumba hiyohiyo. Mifumo inayoendesha simu hizo, HiOS ya Tecno na XOS ya Infinix, ni ndugu: programu nyingi zilizokuja na simu zinafanana, matangazo yanafanana, na namna zinavyobana betri inafanana. Aliyechoshwa na mambo hayo kwenye Tecno Spark akanunua Infinix Hot amebadilisha kava tu. Vivyo hivyo Redmi na POCO, zote ni Xiaomi. Kuhama ndani ya familia moja kuna faida yake, maana chaja, mipangilio na fundi vinabaki vilevile, lakini usitegemee mabadiliko ambayo hayawezi kuja.

Mlango mgumu ni ule wa Android na iPhone, kwenda au kurudi. Kutoka Android kwenda Android nyingine, hata kama ni Huawei ya zamani kwenda Samsung, ni kazi ya jioni moja.

Kabla ya kutoa hela

Anza na laini. iPhone zilizouzwa Marekani kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022 hazina tundu la laini kabisa. Zinatumia eSIM peke yake, yaani laini isiyo ya plastiki iliyojengwa ndani ya simu. Simu nyingi zinazoletwa na ndugu kutoka huko ni hizi, na mpokeaji anagundua akiwa na pini mkononi anatafuta tundu. Uliza kampuni yako ya simu kama inatoa eSIM na kwa utaratibu gani kabla ndugu hajanunua. Watakuomba namba ya EID, yaani utambulisho wa eSIM ya simu hiyo, ambayo hutokea ukibonyeza *#06#. iPhone za masoko mengi mengine zina tundu la laini moja pamoja na eSIM, na zile zenye nafasi ya laini mbili za plastiki zimetengenezwa kwa ajili ya China, Hong Kong na Macau. Mwenye laini ya Voda na ya Airtel anayenunua iPhone ya kawaida lazima moja aigeuze kuwa eSIM. Ushauri wangu: laini inayopokea hela ya biashara ibaki ya plastiki. Simu ikizima chaji au kioo kikipasuka, laini ya plastiki unaichomoa na kuiweka kwenye kitochi dakika hiyohiyo. eSIM haichomoki.

Kwa simu iliyotumika kutoka nje, angalia kama imefungwa kwenye mtandao fulani. Kwenye iPhone nenda Settings, General, About, ushuke mpaka "Carrier Lock"; maneno unayotaka kuyaona ni "No SIM restrictions". Ukurasa huohuo, kwa iPhone 12 na kuendelea zenye iOS 15.2 au zaidi, utakuonyesha kama betri, kioo au kamera vimewahi kubadilishwa na kama spea ni halisi. Usione aibu kusoma ukurasa huo mbele ya muuzaji. Kwa Tanzania tuma pia IMEI, namba ya utambulisho wa simu, kwenda 15090 ujibiwe ni simu ya aina gani. Jibu likitaja aina tofauti na uliyoishika, iache. TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilizima simu bandia Juni 2016, na tangu hapo uhakiki huu haugharimu zaidi ya dakika moja.

Kuna jambo lingine linalowakuta wanaotaka kuonja iPhone kwa bei ndogo. Tangu Mei 2025 WhatsApp inahitaji iOS 15.1 au zaidi. iPhone 6 iliishia iOS 12, kwa hiyo hata ukiipata nzima na betri mpya, WhatsApp haitafunguka. Upande wa Android kikomo ni toleo la 5.0 tangu Oktoba 2023. Kwa anayetaka simu ya kukaa nayo muda mrefu, miaka ya masasisho ina uzito kuliko jina la chapa: Samsung iliahidi miaka 7 kwa Galaxy S24 mwaka 2024, wakati simu nyingi za bei ya chini huishia sasisho kubwa moja au mawili. Ubora wa chapa moja hutofautiana sana kati ya simu yake ya juu na ya chini.

Namba za watu

Wengi hawajui namba zao zimehifadhiwa wapi, na hapo ndipo nusu hupotea. Zinaweza kuwa sehemu tatu: kwenye laini, kwenye simu yenyewe, au kwenye akaunti ya Google. Laini huchukua takriban 250 na majina hukatwa. Zilizo kwenye simu yenyewe hazipandi Google hata kama umeingia kwa Gmail, na ndiyo maana mtu akifungua iPhone mpya anakuta namba za mwaka juzi zipo na za mwaka huu hazipo.

Fanya hivi kwenye Android: fungua programu ya namba, ingia mipangilio yake, tafuta "Export", utoe faili la .vcf lenye namba zote. Jitumie kwa barua pepe liwe akiba. Kisha kwenye simu hiyohiyo ingiza faili hilo ukichagua akaunti ya Google kama mahali pa kuhifadhi, halafu futa zilizojirudia. Fungua contacts.google.com kwenye kivinjari ulinganishe idadi na ile ya kwenye simu. Zikilingana, ongeza akaunti hiyo ya Google kwenye iPhone na uwashe kipengele cha Contacts. Ndani ya dakika chache zote zitashuka. Wanaotoka iPhone wakumbuke kwamba iPhone inasoma namba kutoka kwenye laini lakini haiandiki huko, kwa hiyo ile njia ya zamani ya kuhamishia namba kwenye laini haipo. Ingia icloud.com, chagua zote, toa faili la vCard (ndilo hilo la .vcf), uliingize Google.

Ukiwa unashughulika nazo, zibadilishe zianze na +255 au +254. Kenya na Tanzania zote zina namba za 07, na siku ukivuka mpaka wa Namanga utaelewa faida yake.

WhatsApp

Hapa ndipo watu hulia, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Android kwenda Android kuna njia mbili. Ya kwanza ni bekapu ya Google Drive. Tatizo lake ni nafasi: GB 15 za bure zinagawanywa kati ya Gmail, picha na Drive, na tangu 2024 bekapu ya WhatsApp nayo inahesabiwa humo. Drive ikijaa, bekapu inakoma bila kelele. Kwa hiyo usiamini kwamba ipo. Ingia Settings, Chats, "Chat backup", usome tarehe ya mwisho. Ukikuta ni ya miezi sita nyuma, hicho ndicho kitakachorudi. Njia ya pili, ambayo naipenda zaidi, ni kuhamisha moja kwa moja. Kwenye simu ya zamani ingia Settings, Chats, "Transfer chats". Kwenye mpya weka WhatsApp, sajili namba ileile, ukubali kuhamisha, kisha usome msimbo wa QR wa simu mpya kwa kamera ya ile ya zamani. Wi-Fi na mahali (Location) viwe vimewashwa kwenye zote mbili, ziwe karibu karibu. Haili bando na haijali Drive imejaa kiasi gani.

Kuvuka kutoka Android kwenda iPhone, bekapu ya Drive haisaidii. iPhone inasoma iCloud tu, na Android inasoma Drive tu. Tangu 2022 njia rasmi ni programu ya Apple inayoitwa Move to iOS, na ina sharti linalosahaulika: iPhone iwe mpya au imefutwa, iko kwenye ile hatua ya mwanzo kabisa ya kuiandaa. Aliyekwishaiwasha, akaingia, akapiga picha za siku mbili, atalazimika kuifuta kwanza. Chomeka simu zote kwenye umeme, ziwe Wi-Fi moja. Kwenye iPhone chagua kuhamisha data kutoka Android. Itatoa namba ya siri, uiandike kwenye Move to iOS. Kwenye orodha chagua WhatsApp, itaandaa data na kukutoa kwenye WhatsApp ya Android, kisha endelea. Uhamisho ukikamilika, pakua WhatsApp kwenye iPhone na uingie kwa namba ileile.

Kinachoharibu kazi hii katikati ni Android kulala. Kioo kikizima, ukifungua programu nyingine, au mtu akipiga simu, uhamisho unaweza kukatika na unaanza upya. Zima data ya laini kwenye Android, ongeza muda wa kioo kubaki kimewaka, uiache mezani. Angalia pia nafasi: vitu vya GB 90 haviingii kwenye iPhone ya GB 64, na haitakuambia mpaka umeshasubiri.

Kurudi, yaani iPhone kwenda Android, kunahitaji waya. Kwa iPhone 14 na za nyuma ni waya wa USB-C kwenda Lightning; iPhone 15 na kuendelea ni USB-C pande zote. Simu mpya iwe Android 12 au zaidi, nayo iwe haijaandaliwa bado. Waya wa bei ya chee unaopitisha chaji tu bila data utakupotezea saa nzima, maana simu zitaonekana zimeunganika lakini hakuna kinachotembea. Ujaribu kwanza kwenye kompyuta: picha zikionekana, waya ni mzima.

Kama uliwahi kufunga bekapu kwa neno la siri au ufunguo wa tarakimu 64, utafute kabla hujaanza. Ukipotea, hakuna wa kukufungulia, hata WhatsApp wenyewe. Na watumiaji wa GB WhatsApp na jamaa zake, zile WhatsApp zisizo rasmi, wajue wako nje ya njia hizi rasmi, na akaunti zao zinaweza kufungwa wakati wowote.

Hela, picha na meseji

M-Pesa haina chapa. Iko kwenye laini na kwenye akaunti yako, kwa hiyo *150*00# au *334# itafanya kazi siku ileile. Waliozoea menyu ya laini iliyokuwa ikionekana kama programu kwenye Android huamini iPhone haina. Ipo, imefichwa ndani ya Settings, sehemu ya mtandao wa simu, chini ya "SIM Applications". Programu za benki ni habari nyingine, nyingi zimefungwa kwenye simu moja. Zisajili upya laini ikiwa ndani ya simu mpya, maana SMS ya uthibitisho itakuja huko, na ufanye hivyo siku za kazi ili ikigoma upate mtu wa kumpigia. Kama unatumia Google Authenticator, programu ya misimbo ya kuingilia akaunti, hamisha misimbo kwa QR kutoka simu ya zamani kabla ya kuifuta.

Memori kadi iliyowekwa kama sehemu ya memori ya ndani ya simu imefungwa kwa ufunguo wa simu ile, haisomeki kwingine. Nakili picha kwanza. iPhone haina tundu la memori kadi, na Samsung za S kuanzia S21 nazo hazina. Picha za iPhone hutoka katika muundo wa HEIC, ambao kompyuta ya steshenari mara nyingi haiufungui. Kwenye Settings, Camera, Formats, chagua "Most Compatible" na zitatoka JPEG.

Anayeondoka iPhone azime iMessage na FaceTime kabla ya kuchomoa laini. Asipofanya hivyo, meseji za ndugu wenye iPhone zinaendelea kwenda Apple badala ya kuja kama SMS, na yeye haoni kitu. Kwa waliokwisha kuuza simu, Apple ina ukurasa wa kuiondoa namba tangu 2014: unaandika namba, unatumiwa msimbo, unaurudisha. Kwa anayeingia iPhone, uwashaji wa iMessage hutuma SMS ya kimyakimya inayoweza kwenda nje ya nchi. Bando la ndani haliigusi. Weka salio la kawaida, la sivyo itabaki inasubiri.

Wiki ya kwanza

Lalamiko linalokuja haraka ni meseji kuchelewa. Tecno, Infinix na Xiaomi hufunga programu zinazofanya kazi nyuma ili kuokoa betri. Tafuta "Autostart" kwenye mipangilio (Tecno huiweka ndani ya Phone Master), uiruhusu WhatsApp, benki na barua pepe, kisha kwenye betri uziondolee kizuizi. Simu haina ubovu wowote hapo. RAM ya "4+4" nayo isikuhadae. Nne ni za kweli, nne nyingine zimekopwa kwenye hifadhi, ambayo ni ya polepole zaidi.

Chaja ile ya zamani huenda isilete kasi. Chaja za Xiaomi na Infinix za wati nyingi mara nyingi zina lugha yao wenyewe. Kwenye Samsung zitachaji, lakini kwa mwendo wa kawaida. Samsung ya wati 25 inataka chaja yenye USB PD pamoja na PPS, ambavyo ni viwango vya kuchaji kwa kasi. iPhone nyingi za miaka ya karibuni zinatosheka na USB PD ya wati 20, inayofikisha kama asilimia 50 kwa nusu saa. Soma maandishi madogo kwenye chaja kabla ya kununua nyingine. Na kabla ya kununua simu yenyewe, muulize fundi bei ya kioo chake. Kioo cha LCD cha Spark na kioo cha OLED cha Samsung ya juu havikaribiani hata kidogo kwa bei, na hiyo ndiyo gharama utakayoikuta siku ikianguka.

Kuiachia ya zamani

Kaa nayo hadi uwe umefungua benki, umesoma WhatsApp ya zamani kwenye simu mpya, na umehesabu namba. Simu ya mkopo inayofungwa isipolipwa haiuziki mpaka deni liishe. Mnunuzi atabaki na kioo kilichofungwa na atarudi kwako. Kwenye Android ondoa akaunti ya Google kwanza, kisha ufute kupitia Settings. Ukifuta kwa vitufe vya pembeni akaunti ikiwa bado imo, ulinzi uliokuja na Android 5.1 utadai akaunti yako ya zamani. Kwenye iPhone zima Find My na utoke iCloud, ndipo ufute. Activation Lock, kufuli la Apple linalodai akaunti ya mwenye simu, haifunguki kwa kuflashi, na anayekuahidi hivyo anakula hela yako. Kama ina eSIM, hamisha laini kwanza. Mkabidhi mnunuzi simu ikiwa kwenye ukurasa wa kuchagua lugha, aiunganishe na Wi-Fi mbele yako. Ikiomba akaunti yako, iondoe palepale kabla hamjaachana.